Fomu ya Paneli Thelathini na Moja

Kabla hajaitwa Paneli aliitwa karani, na hata hilo aliitwa mara chache, kwa sababu alikuwa karani wa muda, na karani wa muda huitwa kwa kupungiwa mkono. Miaka sita alikaa katika ofisi ya bima, kwenye chumba chenye dirisha moja lililotazamana na ukuta, akinakili fomu za karatasi na kuziingiza kwenye kompyuta. Kazi ile ilimwachia mambo mawili: maumivu ya kifundo cha mkono wa kulia, na chuki ya kimyakimya kwa watu wanaopanga skrini vibaya. Jina la mteja liliandikwa ukurasa wa kwanza, tarehe yake ya kuzaliwa ukurasa wa tatu, na katikati yake kulikuwa na ukurasa mzima ambao hakuna aliyewahi kuujaza. Kila fomu ilimlazimu aupite, aende na kurudi. Siku moja alimwuliza fundi wa kompyuta sababu.

"Ndivyo ilivyotengenezwa," fundi alisema, kama mtu aliyeulizwa kwa nini mlima uko pale ulipo.

"Aliyeitengeneza ni mtu?"

"Ni mtu."

"Basi na mtu mwingine anaweza kuitengeneza."

Fundi alikuwa mwema. Wiki iliyofuata alimletea kitabu cha JavaScript kilichong'oka jalada, akamwambia hii ndiyo lugha inayoandikiwa vitu vingi anavyoviona kwenye skrini, aanze nayo. Wakati huo alikuwa na miaka thelathini na mitatu, binti mmoja wa miaka tisa, mama mzazi aliyeishi nao, na mume aliyekuwa ameondoka kwa amani, yaani bila kuaga. Alisoma alfajiri kabla binti hajaamka, akinong'ona kila mstari. Mama yake alimsikiliza kwa siku kadhaa kutoka chumba cha pili, kisha akaja kusimama mlangoni.

"Unasali kwa lugha gani hiyo?"

"Ya kompyuta, mama."

"Nayo inakujibu?"

"Inanijibu kwamba nimekosea."

"Basi endelea," mama akasema, akarudi kulala.

Shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, alicheka. Alisema huo ni umri wa mtu kumtafutia mtoto shule, si wa kujitafutia mwenyewe. Yeye aliendelea kusoma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama miaka miwili na nusu, hadi karakana moja ya programu yenye watu watano ikamchukua. Karakana hiyo ilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro, na mwenye karakana alikuwa kijana aliyemzidi kwa haraka, lakini mdogo kwake kwa miaka minane. Yeye alimwita bosi. Bosi alimwita dada.

Pale karakanani hawakujenga kila kitu kwa mikono. Walitumia maktaba ya vipande vilivyokwisha kutengenezwa na watu wengine: vitufe, majedwali, kalenda, orodha za kuchagua. Wenzake walivutiwa na kalenda na grafu, vitu ambavyo mteja akionyeshwa hutikisa kichwa kwa kuridhika. Yeye alivutiwa na kipande ambacho mteja hakioni kabisa: paneli. Paneli ni chombo cha kubebea. Haina chake cha kuonyesha. Hubeba vya wenzake na kuvipanga. Unaweza kuiamuru ivipange vilivyomo kwa kusimama, kimoja chini ya kingine, au kwa kulala, ubavu kwa ubavu. Unaweza kuigawa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi na katikati. Unaweza kuifanya ijikunje pembeni ikiguswa, au iwe na vichupo juu kama mafaili kwenye droo. Na ndani ya paneli unaweza kutia paneli, na ndani ya hiyo nyingine, mpaka uchoke.

Yeye hakuchoka. Skrini zake zilisimama sawasawa hata dirisha likipanuliwa au kubanwa. Hakuna kilichogongana na kingine, hakuna mstari uliopinda. Mwaka haukuisha kabla wenzake hawajampa jina, naye alilipokea bila ubishi. Hata bosi alilisahau jina lake halisi kwenye barua moja.

Akiwa na miaka arobaini na mmoja, karakana ilipata kazi ya ofisi ya maji. Dawati la malalamiko lilikuwa bado linatumia programu ya zamani, ile ya skrini nyeusi na maandishi ya kijani, isiyo na kipanya wala picha. Makarani saba walipokea simu za watu waliokatikiwa maji au kupasukiwa mabomba, wakaandika, na mafundi wakatumwa. Ofisi ilitaka programu mpya, na fomu ya malalamiko aliijenga Paneli.

Aliipenda kuliko zote alizokwisha kujenga. Ilikuwa na sehemu kumi na moja za kujaza, lakini zimepangwa kwenye paneli thelathini na moja. Kulikuwa na paneli ya kushoto yenye ramani, inayojikunja. Kulikuwa na vichupo vitatu katikati, na kila kichupo kilikuwa na paneli zake, na kila paneli ilikuwa na nyingine ndani yake. Vitufe vya chini vilikuwa alama tupu bila neno: diski ya kuhifadhi, pipa la kufuta, mshale wa kutuma. Nafasi baina ya kimoja na kingine alizipima kwa nukta. Usione vyaelea, vimeundwa. Naye alijua kila msumari ulipopigwa.

Siku ya mafunzo makarani walikusanyika asubuhi kwenye chumba cha madawati. Mkuu wa Huduma, mama mmoja mwenye sauti ya uchovu na viatu visivyopiga kelele, aliwakaribisha. Paneli alionyesha ramani ikijikunja na kufunguka. Makarani walifurahi. Mmoja alisema sasa hata yeye atavaa vizuri ili afanane na kazi.

Karani wa dawati la mwisho alikaa karibu na dirisha. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na minne, mwenye mvi za pembeni na shati lililonyooshwa kwa uangalifu, na masikioni alikuwa na visikizi vya waya. Uso wake haukuelekea skrini, ulielekea dirishani. Paneli alimfikia akidhani hasikilizi, akakuta vidole vyake vinatembea juu ya kibodi. Macho yalikuwa meupe. Surua ilimpofusha akiwa na miaka minne. Wenzake walimwita Sikio, na kwenye ile programu ya kijani alikuwa ndiye karani mwepesi kuliko wote, kwa sababu alikuwa na programu nyingine ya kumsomea maandishi, na vitufe vya zamani alivijua kwa moyo kama mtu anavyojua ngazi za nyumbani kwake.

"Kaka, unaendeleaje?" Paneli akamwuliza.

Sikio alitoa kisikizi kimoja. "Nimesikia kundi, kundi, kundi, kundi, kitufe, kitufe, kitufe. Halafu kundi tena." Alisema bila hasira, kama anayesoma orodha. "Nyumba inaonekana ni nzuri, watu wanaisifu. Mimi bado natafuta mlango."

Paneli alisema atalitazama. Ni neno ambalo mafundi wa programu hulisema wanapotaka mtu aondoke, isipokuwa hapa aliyeondoka alikuwa yeye.

Siku nne baadaye alirudi kurekebisha jambo dogo la ramani, akawakuta makarani wawili wakizungumza kwenye korido. Sikio atahamishiwa mlangoni, kupokea wageni na kuwaelekeza ofisi wanazozitaka. Mkuu wa Huduma alikuwa amemwita kumweleza kwa upole kwamba mshahara wake hautapungua hata kidogo. Makarani walikuwa wakirudia alichojibu.

"Kasema, kipofu awaelekeze wenye macho? Nitawaambiaje, fuateni harufu ya chai?"

Walicheka, lakini si sana. Paneli alirekebisha ramani yake akaenda zake. Kwenye basi alijiambia kwamba karakana ilipewa karatasi ya mahitaji, na kwenye karatasi ile hapakuwa na mstari wowote unaohusu mtu asiyeona. Hilo lilikuwa kweli. Alijiambia tena alipokuwa akiosha vyombo. Asubuhi alipojiambia kwa mara ya tatu, alitambua kwamba analisema kwa sauti ya yule fundi wa ofisi ya bima. Ndivyo ilivyotengenezwa.

Alikwenda kwa bosi.

"Dada, mteja hajalalamika," bosi alisema.

"Aliyelalamika ndiye anayempokelea mteja malalamiko."

"Lakini mteja amepokea kazi. Ameisaini. Tunayo kazi ya watu wa shule inatusubiri."

"Nipe wiki mbili."

"Sina wiki mbili. Sina hata siku mbili."

"Ninazo siku kumi na moja za likizo," Paneli akasema.

Bosi alimtazama kama mtu aliyeambiwa kuna samaki ndani ya viatu vyake. "Likizo ni yako," akasema mwishowe. "Ukiitumia kuhesabu nyota, mimi sina neno."

Likizo ile alikuwa ameahidi kuipeleka kwa dada yake mkubwa. Dada alinuna kwenye simu, shemeji akachukua simu akasema anasikia siku hizi kompyuta ndizo ndugu. Binti, aliyekuwa sasa na miaka kumi na saba na maoni kuhusu kila jambo, alimwambia, "Mama, watu huenda likizo ili wasiende kazini." Paneli alisema kweli, akachukua kompyuta yake akaenda ofisi ya maji.

Sikio hakumpokea kwa shangwe. Mtu aliyekwisha kuambiwa aende mlangoni hana haraka ya kufurahia wageni. Alimwuliza ametumwa na nani. Paneli akasema hakutumwa. Akamwuliza kama anamhurumia. Paneli akafikiri kidogo, akasema hapana, anaionea aibu kazi yake.

"Hilo ninalielewa," Sikio alisema. "Vuta kiti." Kisha akanyoosha mkono, akapapasa ukingo wa skrini hadi akapata kitufe, akaizima. Akampa visikizi. "Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nakuambia, usitazame. Andika lalamiko moja. Bomba limepasuka mbele ya kinyozi."

Paneli alivaa visikizi. Sauti iliyomo ilikuwa ya mwanamume wa kigeni aliyesoma Kiswahili kwa pua, na alisema haraka kama anayefukuzwa. Alibonyeza kitufe cha kusogea. Kundi. Akabonyeza. Kundi. Aliyajua yale makundi; kila moja lilikuwa paneli yake, na zile alizozitia kwa ajili ya nafasi na mpangilio tu zilikuwa zinatangazwa moja moja, bila jina, kama watu wanaobisha hodi bila kusema ni nani. Kisha akaangukia mahali penye vitufe saba mfululizo visivyo na jina, asielewe ni wapi. Ilimchukua muda kugundua kwamba yumo ndani ya ile paneli ya ramani, iliyokuwa imejikunja pembeni. Kwa macho ilikuwa haipo. Kwa kibodi ilikuwa wazi kama shimo la choo.

Alipotoka humo alifika kwenye vitufe vya chini kabla hajaona sehemu hata moja ya kujaza. Hilo nalo alilijua mwenyewe. Alipokuwa akiandika fomu ile alianza na paneli ya vitufe, kwa kuwa ilikuwa rahisi, akaiamuru ikae kusini. Na jicho likaiona kusini. Lakini sauti ilifuata utaratibu alioandika yeye, si utaratibu aliouchora. Kwa hiyo mtu asiyeona aliulizwa kuhifadhi kabla hajaandika chochote, au kufuta, au kutuma, bila kuambiwa kipi ni kipi.

Dakika ya ishirini na sita alibonyeza kitufe alichodhani ni cha kuhifadhi. Sikio, aliyekuwa amekaa mikono kifuani, alimwomba kisikizi kimoja akasikiliza.

"Umelifuta," akasema.

Paneli alivua visikizi akaviweka mezani. Karani wa jirani, aliyekuwa akitazama yote, alirudisha macho yake kwenye kazi kwa heshima.

"Uliitengeneza kwa muda gani?" Sikio akamwuliza.

"Wiki tano."

"Basi tusikae. Zimebaki siku kumi."

Siku mbili za kwanza alibomoa tu. Alipita paneli moja baada ya nyingine akijiuliza inabeba nini, na kama inabeba mpangilio tu, je, ile iliyo juu yake haiwezi kuubeba? Mara nyingi iliweza. Thelathini na moja zikawa kumi na nane, kumi na nane zikawa kumi na mbili. Zilizobaki alizipa majina, ili sauti iseme "Mahali", iseme "Mlalamikaji", badala ya kundi. Vitufe alivipa maneno. Paneli ya ramani aliifundisha kwamba ikijikunja ifunge na mlango wake. Kila alipomaliza kitu, Sikio alikijaribu baina ya simu moja na nyingine, kwa kuwa hakuacha kufanya kazi yake kwenye ile programu ya kijani.

Siku ya tano waligombana. Sikio alitaka fomu ianze na mahali na tatizo. Paneli alisema haiwezekani. Namba ya akaunti ndiyo ya kwanza, ndivyo karatasi ya mahitaji inavyosema, na watu wa hesabu ndivyo wanavyotaka.

"Watu wa hesabu hupokea simu?"

"Hawapokei."

"Mtu maji yanamwingilia sebuleni. Anapiga simu. Wewe unamwambia, subiri, nenda katafute karatasi yenye namba yako. Atakutukana, na ana haki. Mimi nasikia kwanza yuko wapi na kimetokea nini. Jina baadaye. Namba, akiwa nayo."

"Sasa mimi nibadilishe utaratibu wa ofisi nzima kwa sababu yako?"

"Si kwa sababu yangu. Mimi nitakwenda mlangoni." Alisema hivyo akapokea simu iliyokuwa ikilia, na kwa kuwa sauti yake alipozungumza na mteja ilikuwa laini kama si yeye, Paneli alizidi kukasirika.

Alikwenda kunywa maji kwenye korido. Aliporudi alikaa kitako akasikiliza simu za Sikio kwa saa mbili, akihesabu kwa mistari kwenye karatasi. Watu kumi na tisa walipiga. Kumi na saba walianza kwa kusema walipo. Mmoja alianza kwa kulia. Mmoja tu ndiye aliyekuwa na namba ya akaunti, na huyo alipiga akidhani ni benki. Paneli aliihamisha paneli ya mahali ikawa ya kwanza, na namba akaipeleka mwisho. Ilikuwa kazi ya dakika tatu.

"Nimehamisha," alisema.

"Nimesikia," Sikio akajibu. Hakuongeza neno, na hilo lilikuwa la kiungwana kwa upande wake, maana angeweza.

Siku ya tisa fomu ilikuwa na paneli tisa. Iliishi kwenye mashine ya Sikio peke yake, kama jaribio, kwa ruhusa ya nusu mdomo ya Mkuu wa Huduma. Asubuhi ya siku hiyo bomba kuu la barabara ya soko lilipasuka. Maji yalijaa barabarani, na mitaa minne ikakauka kwa mara moja. Simu zote za dawati zililia pamoja na hazikunyamaza hadi alasiri. Makarani sita walikuwa kwenye fomu ya kwanza ya Paneli, ile ya paneli thelathini na moja, wakibofya kichupo hiki na kile, wakiwauliza watu waliolowa namba zao za akaunti. Paneli alisimama nyuma yao. Aliona mmoja akikunja ramani kwa hasira, kisha akaifungua, kisha akaikunja. Aliona mwingine akiandika kwanza kwenye karatasi, ili aje kunakili baadaye.

Ilipotulia, Mkuu wa Huduma alipita akitazama idadi. Karani aliyemfuatia Sikio alikuwa na malalamiko thelathini na manne. Sikio alikuwa na hamsini na tisa.

"Umefanyaje?" Mkuu akamwuliza.

"Nimepokea simu," Sikio alisema.

Haikuwa safi yote. Alasiri ile ile fundi alipiga kutoka mtaani, akiwa amekasirika, kwamba ametumwa mahali pasipo na tatizo lolote. Kulikuwa na mitaa miwili yenye majina yanayokaribiana, na ile sauti ya puani iliyatamka kwa namna moja; malalamiko matano ya mtaa mmoja Sikio alikuwa ameyatia kwenye mtaa mwingine. Mzee mmoja mgonjwa alikaa bila maji hadi kesho yake. Sikio alipoambiwa alivua visikizi akavikunja waya polepole. Paneli alisema kosa ni la fomu, ilipaswa kutaja mtaa pamoja na kata yake. Sikio alisema fomu haikupokea simu. Wote wawili walikuwa na sehemu ya ukweli. Kabla ya jioni Paneli aliongeza jina la kata, na Sikio alimpigia simu yule mzee, akaomba radhi, akatukanwa kidogo, akasikiliza.

Mkuu wa Huduma alifikiri siku mbili. Siku ya kumi na moja, ya mwisho ya likizo, alimwita Paneli ofisini.

"Ile ya paneli chache," akasema. "Mnaweza kutuwekea sote?"

"Tunaweza."

"Na ile ramani?"

"Ipo. Ila haijipendekezi."

Mkuu alicheka kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane. Halafu akasema, akitazama kalamu yake, kwamba yeye hakuwa na nia mbaya alipofikiria ule mlango. Alidhani anamsaidia. Paneli alisema anajua. Alikuwa anajua kweli. Yeye mwenyewe wiki tano alikuwa akimjengea ukuta mtu ambaye hakuwahi kumfikiria, na hakuwa na nia yoyote, mbaya wala nzuri.

Sikio alibaki kwenye dawati la dirishani miaka mitano zaidi, hadi alipostaafu. Bosi alichapisha kijitabu cha kutangaza karakana, na ukurasa wa pili kikasema kwamba wao tangu mwanzo huwajali watumiaji wote. Paneli alikisoma, akakiweka mezani, akaendelea na kazi ya watu wa shule. Hakupandishwa cheo mwaka ule. Alipandishwa uliofuata, kwa sababu nyingine kabisa, mwenzao mmoja wa karakanani alipohama. Dada yake alimsamehe baada ya miezi saba, shemeji hakuwa na cha kusamehe kwa kuwa alikuwa amekwisha kusahau.

Yeye na Sikio hawakuwa marafiki wa kutembeleana. Kila baada ya miezi michache Sikio alimpigia simu, bila salamu, kumwambia kwamba kitu fulani kimeharibika. Maktaba ya vipande ilikuwa ikitoa toleo jipya mara kwa mara, na toleo likija lilifuta majina ya paneli kama mtu anayepaka chokaa juu ya namba za milango. Paneli aliyaandika upya. Mara ya tatu ilimkera hata akawaandikia waliotengeneza maktaba ile, huko waliko, barua ndefu yenye mifano. Walimjibu kwa heshima. Toleo lililofuata halikuyafuta.

Mwezi mmoja baada ya kustaafu, Sikio alipiga simu tena.

"Kuna kilichoharibika?" Paneli akamwuliza.

"Hapana. Nimechoka kukaa. Nataka unifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Hiyo JavaScript yako. Nimekusikia miaka yote ukisema kila kitu ni kuandika. Kuandika najua."

Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Paneli alitaka kumwambia kwamba umri umekwenda, akakumbuka maneno ya shemeji, akaacha. Alikwenda kwake Jumamosi, nyumba ya vyumba viwili ambako Sikio aliishi na dada yake mjane. Akamfundisha kwa maneno matupu: paneli moja, inayobeba kwa kusimama, ndani yake mistari. Sikio alijifunza taratibu na kwa ubishi. Alitaka kujua sababu ya kila mabano. Dada yake mjane alikaa jikoni mlango ukiwa wazi, na mara moja moja aliuliza kama hawajamaliza.

Baada ya miezi minne Sikio alimpigia Paneli akamwambia aje aone. Alikuwa ametengeneza daftari la simu la ukoo mzima, ndugu, wakwe na watoto wao, watu sitini na wanne, wamepangwa kwa karibu na mbali. Alimsogezea Paneli kompyuta akakaa mikono kifuani.

Paneli alitazama. Skrini ilikuwa nyeupe tupu.

"Kaka, hapa hakuna kitu."

"Kipo. Nimekisikia asubuhi hii."

Paneli aliitazama tena, akaufungua msimbo, yaani yale maandishi ya programu yenyewe, akasoma. Yote yalikuwepo, safi, kila paneli na jina lake, utaratibu usio na kasoro. Sikio alikuwa amenakili mfano wa mahali fulani ambamo maandishi huwa meupe juu ya weusi, akachukua maandishi akaacha weusi. Paneli alimweleza.

"Kwani nyeupe ni mbaya?"

"Nyeupe si mbaya. Nyeupe juu ya nyeupe haionekani."

 Ilionekana kwamba hakuna aliyewahi kumwambia Sikio jambo hilo.

"Hakuna aliyelalamika," akasema.

"Umempa nani mwingine?"

"Hakuna."

Dada yake alikuja kusimama nyuma yao akiwa na kitambaa cha kufutia mikono, akainamia ile skrini nyeupe, akaitazama kwa makini, akasema ni nzuri sana. Paneli hakucheka. Alivaa visikizi, akabonyeza kitufe cha kusogea, na ile sauti ya puani ikaanza kumtajia ukoo, mmoja baada ya mwingine. Sikio aliirekebisha rangi mwenyewe wiki iliyofuata.